Kwa nini akina Cartwright wa Bonanza hawabadilishi nguo? Na vituko vingine vya nyuma ya kamera

Mtoto wa Chumbageni:

Salaam kwenu wote. Tangu baba yangu astaafu, jioni zake nyingi zinaishia mbele ya runinga akiangalia Bonanza, ile tamthilia ya makauboi ya Marekani inayomhusu baba mmoja na wanawe watatu wenye ranchi ya Ponderosa kando ya Ziwa Tahoe. Ndugu yetu mmoja alimjazia misimu kadhaa kwenye flashi, na mimi niliyekuwa nikiketi pale kwa ajili ya kummiminia chai nimejikuta nimenaswa kuliko yeye. Shida ni kwamba nina jicho la kuchokonoa. Baba ananiambia kuwa anayetazama picha kama trafiki anayekagua daladala hawezi kuifaidi, lakini tabia ni ngozi.

Kwanza, nguo. Katika vipindi vya mwanzo walikuwa wakibadilisha kama watu wengine, kisha ghafla kila mmoja akapata sare yake ya maisha. Ben, yaani baba, ni kizibao kile kile cha ngozi, Adam ni nyeusi kuanzia kofia hadi buti, Hoss ni kizibao cha kahawia na kofia yake kubwa, na Joe ni jaketi la kijani. Watapigana ngumi, wataburuzwa vumbini, na kipindi kinachofuata jaketi ni lile lile, kana kwamba limetoka kwa dobi dakika hiyo hiyo.

Pili, uwanja ulio mbele ya nyumba yao. Tunaambiwa ni mchana wa jua kali, lakini mtu mmoja anaweza kuwa na vivuli viwili, na sijawahi kuona upepo ukitikisa jani pale.

Tatu, ile ramani inayoungua moto mwanzoni mwa kila kipindi. Dira iliyochorwa juu yake haielekezi kaskazini juu ya karatasi kama tulivyofundishwa shuleni, bali imeinamia kushoto. Mchoraji alisinzia, au kuna jambo?

Naomba mnisaidie kutofautisha uzembe na makusudi, maana kwa sasa mimi na baba tunabishana kila usiku.

Mkata Picha:

Ndugu Chumbageni, mimi nahariri video kwa riziki yangu, kwa hiyo swali lako la nguo limenigusa pale pale ninapofanyia kazi.

Hilo halikuwa kosa hata kidogo. Sare hizo zilianza katika msimu wa tatu, mwaka 1961, na ziliwekwa kwa sababu mbili za kifundi. Ya kwanza ni wale wanaoigiza badala ya nyota katika matukio ya hatari, yaani wanaoanguka kutoka juu ya farasi au wanaotupwa juu ya meza. Kama mwigizaji mkuu anabadilisha nguo kila wiki, basi na huyu mbadala wake lazima ashonewe nguo mpya kila wiki, tena mara mbilimbili kwa kuwa moja itachanika. Sare ikishakuwa moja, mshonaji anashona rundo mara moja, na kazi imekwisha.

Sababu ya pili ndiyo ninayoipenda. Hebu jiweke kwenye kiti cha mhariri. Umepewa onyesho ambalo Ben anasimama sebuleni na kusema kwamba wanakwenda mjini, na onyesho linalofuata wako mbele ya ofisi ya mkuu wa polisi wa Virginia City. Katikati unahitaji sekunde kumi au kumi na tano za wapanda farasi wakivuka uwanda, ili mtazamaji apumue na aamini kwamba safari imefanyika. Kupiga picha za sekunde hizo kunamaanisha kusafirisha farasi, wachungaji wao, wapiga picha, chakula na maji hadi porini, na siku nzima inakatika. Lakini kama kila mtu amevaa alivyovaa miaka miwili iliyopita, unainuka, unakwenda rafuni, unachukua mkanda wa zamani ambao wanne hao wanapita kwa mbali, unaukata, unaubandika, na umemaliza kabla chai haijapoa. Na kwa kuwa wako mbali, mara nyingi hata hujali kama waliopanda farasi hao ni nyota wenyewe au ni wale mbadala wao.

Zingatia pia wingi wa kazi. Bonanza ilionyeshwa kuanzia tarehe 12 Septemba 1959 hadi tarehe 16 Januari 1973, misimu 14, vipindi 431. Hiyo ni wastani wa vipindi 30 na zaidi kwa mwaka, kila kimoja kikijaza saa nzima ya runinga pamoja na matangazo. Sisi siku hizi tukitoa vipindi 13 kwa mwaka tunataka kulazwa.

Bei ya ujanja huu ipo, na ndiyo inayokukera wewe. Mhariri anaweza kuficha nguo, lakini hawezi kuficha anga. Ukiangalia kwa jicho lako hilo la trafiki utawaona wanaondoka nyumbani chini ya mawingu, wanapita uwandani katika jua la utosi, na wanafika mjini vivuli vyao vimelala upande ambao havikupaswa kulala. Kuna kingine ambacho watu wasiofanya kazi hii hawakifikirii. Michael Landon, aliyeigiza Little Joe, alikuwa wa mkono wa kushoto, na bastola yake ilining'inia nyonga ya kushoto. Kwa kawaida, picha ikiwa imeelekea upande usiofaa, mhariri huigeuza kama mtu anayejitazama kwenye kioo na hakuna anayegundua. Kwa Joe hufanyi hivyo. Ukigeuza tu, bastola inahamia nyonga ya kulia, na hata mtoto wa darasa la pili atakupigia kelele.

Kuhusu vivuli viwili, jibu ni fupi: pale hakuna jua. Uwanja ule wa mbele ya nyumba, pamoja na baraza na sebule yenyewe, ulijengwa ndani ya studio za Paramount huko Hollywood. Nyuma yake ni turubai lililochorwa miti na mbingu. Filamu ya rangi ya miaka ile ilihitaji mwanga mwingi sana, kwa hiyo taa ziliwekwa pande kadhaa, na kila taa ilitoa kivuli chake. Upepo nao haukuwa na mlango wa kuingilia. Kwenda Tahoe kwenyewe kulifanyika kwa vipindi vifupi tu katika mwaka, na maonyesho mengine ya nje yalipigwa katika vilima vya California, karibu na Los Angeles.

Mwalimu Mstaafu:

Nimemsoma Mkata Picha kwa furaha, naye amesema kweli katika mambo ya ufundi. Mimi nilifundisha historia kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni niingie kwenye makosa ambayo hayakuletwa na mkasi wala gundi. Haya hayana sare ya kujitetea nayo.

Hadithi ya Bonanza imewekwa katika miaka ya 1860, wakati Virginia City ilipokuwa imefurika watu kwa sababu ya fedha iliyogunduliwa mwaka 1859 katika mwamba uitwao Comstock. Nevada yenyewe haikuwa jimbo hadi tarehe 31 Oktoba 1864. Sasa tazama nyonga za vijana wale. Bastola wanayochomoa ni Colt ya mfano ulioanza kutengenezwa mwaka 1873. Bunduki zinazoonekana mikononi mwao mara kwa mara ni Winchester za mfano wa mwaka 1892. Yaani Little Joe anampiga mtu risasi kwa silaha ambayo aliyeibuni bado hajaibuni.

Wengine watasema hiyo ni tofauti ya miaka michache tu. Sivyo, kwa sababu tofauti hiyo inabadilisha mapigano yenyewe. Bastola nyingi za miaka ya mwanzo ya 1860 zilijazwa kwa mkono tundu kwa tundu: mtu alimimina baruti ndani ya silinda, akasukumia risasi ya mviringo juu yake, kisha akabandika kifataki nyuma ya kila tundu. Aliyemaliza risasi zake katikati ya vita alikuwa na shughuli ya dakika kadhaa, huku vidole vinatetemeka na baruti inamwagika. Katika tamthilia mtu anajificha nyuma ya pipa, anachomoa risasi kutoka kwenye mkanda, anazitumbukiza, na anaendelea. Nusu ya maonyesho ya kurushiana risasi yasingewezekana kama wangezingatia mwaka.

Kwa haki niseme pia sababu. Ghala za silaha za Hollywood zilikuwa zimejaa Colt na Winchester hizo tangu zama za filamu zisizo na sauti, na kulikuwa na aina moja ya risasi tupu, za mlipuko bila kichwa cha risasi, iliyoingia katika zote mbili. Mtunza silaha alibeba boksi moja tu. Tamthilia nyingine za makauboi nazo zilifanya vivyo hivyo, kwa hiyo mtazamaji akazoea kwamba hiyo ndiyo sura ya bastola ya kauboi, na basi.

Ninalokataa kulisamehe liko katika kipindi cha kwanza kabisa, kile cha mwaka 1959. Kisa kinamhusu Lotta Crabtree, mwigizaji wa jukwaani ambaye anatumiwa na matajiri wa mjini kumnasa Little Joe kwa mapenzi. Anaigizwa na Yvonne De Carlo, mwanamke mkamilifu, mwenye shanga na maringo yake. Lotta Crabtree alikuwa mtu wa kweli, tena maarufu sana, na alizaliwa mwaka 1847. Katika mwaka ambao fedha ya Comstock inagunduliwa, Lotta wa kweli alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, anacheza ngoma katika kambi za wachimba dhahabu za California, na mama yake ndiye anayeokota sarafu. Hata ukisogeza hadithi mbele hadi 1861, bado ni binti wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Waandishi walichukua jina kwa sababu linavutia, wakatupa umri.

Cha ajabu ni kwamba wiki chache baadaye, mnamo Oktoba 1959, walimleta Mark Twain katika kisa kingine, na hapo hawakukosea mbali. Samuel Clemens alifanya kazi katika gazeti la Territorial Enterprise la Virginia City kuanzia mwaka 1862, na ni huko alikoanza kulitumia jina hilo la Mark Twain mwaka 1863. Kwa hiyo uwezo wa kufungua kitabu walikuwa nao.

Kijiti cha Kiberiti:

Mwalimu, kwa heshima zote, unawaonea. Wale walikuwa wanatengeneza burudani ya familia. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulijua kwamba stelingi hafi na bastola yake haiishi risasi, na hakuna aliyemuuliza mwenye banda mwaka wa kutengenezwa kwa bunduki. Na kama ni sheria ya stelingi, Bonanza waliigeuza kwa wanawake: mwanamke yeyote atakayemkubali mmoja wa vijana wale, mwandalie sanda. Ben mwenyewe ameshazika wake watatu kabla hadithi haijaanza, na kila mtoto ana mama yake.

Mwalimu Mstaafu:

Sikatai burudani. Nasema tu kwamba mwenzetu ameuliza lipi ni kosa na lipi ni makusudi, na Lotta ni kosa. Hilo la wake watatu ni makusudi matupu: lilimpa David Dortort, aliyeibuni tamthilia, vijana watatu wasiofanana sura, maumbo wala tabia, bila kulazimika kueleza zaidi. Na wanaharusi walikufa kwa sababu ya biashara. Kijana akishaoa, anahamia nyumba yake, na ile meza ya watu wanne imevunjika.

Shangazi Zuwena:

Wanangu, mnaongea bastola na nguo, lakini hakuna aliyemtazama baba usoni. Lorne Greene, anayeigiza Ben, alizaliwa Februari 1915. Pernell Roberts, anayeigiza Adam, mtoto wake wa kwanza, alizaliwa Mei 1928, na Dan Blocker, yaani Hoss, alizaliwa Desemba mwaka huo huo. Baba amempita mwanawe wa kwanza kwa miaka kumi na mitatu! Tena kati ya Adam na mdogo wake Hoss, waliozaliwa na mama wawili tofauti, ipo miezi saba. Kazi yote ya kumfanya Ben aonekane mzazi ilifanywa na mvi na ile sauti yake nzito. Sauti hiyo ilikuwa na historia: Greene alikuwa Mkanada, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ndiye aliyesoma habari katika redio ya taifa ya Kanada, hata wasikilizaji wakamwita Sauti ya Maangamizi kwa sababu ya habari mbaya alizolazimika kuwasomea.

Na kwa kuwa tumefika kichwani, basi niseme la nywele. Greene na Roberts walianza tamthilia wakiwa na nywele za bandia, na Blocker akajiunga nao mwaka 1968 upara ulipomwanzia. Roberts hakuzipenda zake na hata kwenye mazoezi hakutaka kuzivaa, akasubiri hadi kamera iwake. Nywele zilizokuwa za mwenyewe zilikuwa za Joe. Baada ya kujua hivyo, jaribu kutazama onyesho la ngumi bila kuangalia kofia zinaangukaje.

Huyo Roberts aliondoka mwaka 1965, mwishoni mwa msimu wa sita, na mwanzoni mwa safari yake ya kulalamika lilikuwepo jambo linalonichekesha mimi kama Mswahili. Alisema haiingii akilini wanaume wazima, mmoja amekaribia makamo, kila wakitaka kufanya jambo wamwombe baba ruhusa. Kwetu pale Mikindani mwanamume mwenye wajukuu bado anakwenda kumuaga baba kabla ya kupanda basi, na asipokwenda tunamshangaa. Lakini kwa mwigizaji aliyesomea jukwaa na kutaka maneno mazito ya kusema, nadhani namwelewa. Wenzake waliobaki walitajirika, naye hakurudi.

Mkata Picha, nakuuliza wewe: alipoondoka, ule mkanda wako wa rafuni ulifanywaje? Maana yule wa nguo nyeusi alikuwemo humo.

Mkata Picha:

Shangazi, shikamoo. Umeuliza swali la fundi kabisa. Mkanda wowote wenye wapanda farasi wanne, mmoja akiwa amevaa nyeusi tupu, haukufaa tena kwa vipindi vipya, na kwa kuwa Adam alikuwa rahisi kuliko wote kutambulika hata kwa mbali, usingeweza kumpitisha kwa kudanganya. Sare iliyowaokoa miaka minne ndiyo iliyowabana hapo. Hata ufunguzi wa tamthilia, ule wa wanne wanaokuja mbio kuelekea kwenye kamera baada ya ramani kuungua, ilibidi uwe wa watatu.

Nikiwa hapo hapo, niongeze la rangi, kwa sababu linaeleza ubishi mwingi wa nguo. Kampuni ya RCA ndiyo iliyokuwa na mtandao wa runinga wa NBC, na RCA hiyo hiyo ilikuwa ikitengeneza runinga za rangi wakati ambapo watu wengi waliona hakuna haja ya kununua, maana vipindi vingi vilikuwa vya nyeusi na nyeupe. Bonanza ilipigwa kwa rangi tangu siku ya kwanza, na mwanzoni ilionyeshwa Jumamosi jioni mapema, saa ambayo wanunuzi bado wako madukani na runinga zinawaka dirishani. Watazamaji wa msimu wa kwanza hawakuwa wa kutisha, lakini iliachwa iendelee kwa sababu ilikuwa inauza masanduku. Ilipohamishiwa Jumapili usiku mwaka 1961, ikapaa, na katikati ya miaka ya 1960 ikawa tamthilia namba moja Marekani kwa misimu mitatu mfululizo. Ukiliangalia lile jaketi la kijani la Joe kwa jicho la muuza runinga, utaona halikuchaguliwa na mchunga ng'ombe. Ziwa la bluu, misonobari, jaketi la kijani, kizibao cha kahawia, mtu aliyevaa nyeusi tii katikati: ni kama kadi ya rangi ya duka la rangi za nyumba.

Mtoto wa Chumbageni:

Nawashukuru nyote. Nimemsomea baba sehemu ya Lotta na amenyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba mwalimu huyo ana nafasi nyingi. Naomba msamaha kwa niaba yake, Mwalimu. Bado nangojea la ramani, na pia naomba kuuliza kuhusu Hop Sing, mpishi wa Kichina. Kwa nini anaongea vile?

Mwalimu Mstaafu:

Mwambie baba nafasi ninayo kweli, na salamu nimezipokea.

Hop Sing aliigizwa na Victor Sen Yung, ambaye alizaliwa San Francisco mwaka 1915. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya mtaani tangu utotoni, na aliongea kama Mmarekani mwingine yeyote. Ile lugha ya kuvunjavunja ni maandishi ya waandishi, kwa sababu mpishi wa Kichina katika filamu za wakati ule alitakiwa aongee hivyo ili watu wacheke. Wachina walikuwa wengi katika miji ya machimbo ya Nevada, kwa hiyo kuwepo kwake ni sahihi kihistoria kuliko bastola ya mwajiri wake. Kosa liko mdomoni alimotiwa maneno. Watu hao hao wa Bonanza, mapema mwaka 1964, walighairi onyesho walilokuwa wamekubali kulifanya mjini Jackson, Mississippi, baada ya kujua kwamba watazamaji weusi na weupe wangetenganishwa, na meya wa mji akawataka wananchi waisusie tamthilia. Kwa hiyo waliweza kuona jambo moja nje ya studio na wasione jingine lililokuwa jikoni mwao.

Dereva wa Masafa:

Mimi ni msomaji wa kimya, lakini la ramani nalijua kwa sababu niliishi Sacramento miaka minane nikiendesha lori, na njia yangu ya kwenda Reno ilikuwa ikipita karibu na maeneo hayo.

Ramani ile ilichorwa na Robert Temple Ayres. Kwenye ramani ya kweli, Reno iko kaskazini ya Carson City, na Virginia City iko kaskazini-mashariki ya Carson City, juu ya milima. Ayres alizipanga kwa namna iliyopendeza karatasini, na Reno ikaangukia upande wa kushoto, yaani magharibi. Alipoipeleka kwa Dortort, Dortort aliipenda lakini akasema mielekeo si sahihi. Kuichora upya ilikuwa kazi, kwa hiyo Ayres alichora dira na kuielekeza kaskazini kwenye kona ya juu kushoto. Ukiipindisha shingo kufuata dira, Reno inarudi kaskazini. Kwa hiyo, Ndugu Chumbageni, dira uliyodhani ndiyo kosa ni dawa ya kosa. Mchoro wenyewe umehifadhiwa katika makumbusho ya Autry, Los Angeles.

Lakini hata baada ya dira kunyooshwa, kuna safari ambayo mimi kama dereva siwezi kuikubali. Kutoka upande wa kaskazini wa Ziwa Tahoe hadi Virginia City ni karibu kilomita 28 kwa ndege anavyoruka. Farasi haruki. Ziwa liko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Unatakiwa uvuke mgongo wa milima, uteremke hadi bonde la Washoe, kisha upande tena milima mingine hadi mjini, nao uko karibu kimo kile kile cha ziwa. Kwa gari lenyewe unasikia masikio yanaziba mara mbili. Akina Cartwright wanakwenda mjini kuchukua barua, wanapigana kwenye baa, na wanarudi kabla Hop Sing hajapakua chakula cha jioni.

Na ramani hiyo ya uongo ilizaa mahali pa kweli. Kwa kuwa ilionyesha Ponderosa kwenye pwani ya kaskazini ya ziwa, watalii walianza kufika eneo la Incline Village na kuuliza nyumba ya akina Cartwright iko wapi. Wenye ardhi pale waliona riziki inapita mbele ya macho. Mwaka 1967 pakafunguliwa Ponderosa Ranch, bustani ya burudani iliyokuwa na nakala ya nyumba ile, na baadhi ya maonyesho yakapigwa hapo hapo. Ilifungwa mwaka 2004, mimi sikuiwahi. Lakini dereva mwenzangu, mzee wa Kimeksiko, aliwahi kupeleka wajukuu, na alisema kwamba mtoto alilia alipogundua kuwa ngazi ya sebuleni haiendi popote. Juu hapakuwa na vyumba. Joe alikuwa akipanda kwenda kulala hewani.

Shangazi Zuwena:

Nimecheka hadi machozi yamenitoka. Mwanangu Dereva, umenikumbusha kwamba kuna pengo ambalo hakuna aliyelificha kwa mkasi, nalo ni Hoss. Dan Blocker alifariki tarehe 13 Mei 1972, kwa damu iliyoganda mapafuni baada ya upasuaji wa nyongo, akiwa na umri wa miaka 43. Michael Landon alikuwa amemwandikia kisa cha kufungulia msimu wa 14, ambacho hatimaye Hoss angeoa. Kikabadilishwa, na bwana harusi akawa Joe. Kikaonyeshwa Septemba mwaka huo, na bibi harusi, aliyeigizwa na Bonnie Bedelia, akauawa, kama Kijiti alivyosema juu ya sanda. Ukikitazama ukijua kilikuwa cha nani, uso wa Landon unausoma kwa namna nyingine. Tamthilia haikumaliza msimu huo. Januari 1973 ikazimwa.

Mtoto wa Chumbageni:

Jana usiku nilisimamisha picha pale ramani inapoonekana, kabla ya moto kuifikia katikati. Nilimwambia baba afuate dira. Alivaa miwani, akainuka, akasogea hadi karibu na kioo, akapindisha shingo upande wa kushoto, akakaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mama alidhani amepatwa na jambo. Kisha akasema, "Kumbe Reno iko juu."

Alirudi kwenye kiti, akaniamuru nitafute kipindi chochote cha msimu wa saba, kwa sababu alitaka kuhesabu farasi.